Kazi na ujuzi wa wahitimu wa akiolojia nchini Tanzania

Kazi za wahitimu wa akiolojia ni shughuli za ajira zinazofanywa na watu waliosomea akiolojia, yaani elimu inayochunguza maisha ya binadamu wa zamani kupitia mabaki aliyoyaacha: zana za mawe, vigae vya vyungu, mifupa, makaa, mavi ya chuma, makaburi, majengo na michoro ya mapangoni. Nchini Tanzania wahitimu hao huajiriwa serikalini, kwenye makumbusho, katika mamlaka za hifadhi, vyuo vikuu, kampuni za ushauri wa mazingira na shughuli za utalii. Wengine huingia katika kazi ambazo jina lake halitaji akiolojia kabisa.

Nafasi zinazotangazwa kwa jina la mwanaakiolojia ni chache. Hata hivyo ujuzi wa mwanaakiolojia unahitajika kila mahali ardhi inapochimbwa kwa ajili ya barabara, bomba au bwawa, kila mahali vitu vya kale vinapotunzwa, na kila mahali historia inapoelezwa kwa wageni na wanafunzi. Kwa sababu hiyo mhitimu anayejua kusema kwa vitendo anaweza kufanya nini huwa na milango mingi kuliko yule anayetegemea cheti peke yake.

Makala hii inaeleza mafunzo, ujuzi na njia za ajira kwa kutumia mifano ya mkoa wa Kagera, hasa wilaya za Karagwe na Kyerwa, pamoja na sehemu nyingine za Tanzania na Kenya.

Mafunzo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia kama programu ya shahada mwaka 1985. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Peter Schmidt, Mmarekani aliyekuwa amefanya utafiti wa muda mrefu huko Buhaya, mkoani Kagera. Kabla ya hapo Watanzania wachache waliofikia kiwango cha juu katika fani hii walisomea nje ya nchi. Fidelis Masao, mtafiti wa michoro ya miambani aliyewahi kuongoza Makumbusho ya Taifa, alipata shahada ya uzamivu nchini Kanada katika miaka ya 1970. Kizazi kilichofuata, wakiwemo Felix Chami, Bertram Mapunda na Audax Mabulla, kilipata uzamivu huko Sweden na Marekani katikati ya miaka ya 1990, kisha kikarudi kufundisha Dar es Salaam.

Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi husoma historia ya Afrika, mageuzi ya binadamu, uchambuzi wa mabaki, usimamizi wa urithi na mbinu za utafiti. Sehemu iliyo muhimu kuliko zote ni mafunzo ya uwandani, ambapo wanafunzi hupiga kambi kwenye eneo la kale, hupima, huchimba, huchekecha udongo na kuandika kumbukumbu za kila siku. Wanaojiunga wengi wametoka kidato cha sita wakiwa wamesoma Historia na Jiografia pamoja na lugha au somo lingine.

Ujuzi anaoupata mhitimu

Watu wengi hudhani kwamba mwanaakiolojia ni mchimbaji. Kuchimba ni sehemu ndogo ya kazi yake, na kwa namna fulani ni sehemu ya hatari, kwa kuwa shimo likishachimbwa haliwezi kurudishwa kama lilivyokuwa. Kilichobaki baada ya kuchimba ni kumbukumbu tu. Ndiyo maana mafunzo yote yanalenga kumfanya mhitimu awe mtu wa kuandika, kupima na kupanga. Ujuzi mkuu ni huu ufuatao.

- Upimaji na ramani. Mhitimu hujifunza kutumia dira, futi ya utepe, kifaa cha GPS na programu za ramani za kompyuta. Programu ya QGIS, kwa mfano, hupatikana bure na inatumika pia na wataalamu wa ardhi, misitu na maji.
- Kusoma udongo. Matabaka ya udongo hueleza mfuatano wa matukio: tabaka la chini kwa kawaida ni la zamani kuliko la juu, isipokuwa pale ambapo shimo la taka, kaburi au mnyama mchimbaji ameuchanganya udongo.
- Kutunza kumbukumbu. Kila kigae hupewa namba, mfuko, tarehe na mahali kilipotoka. Kigae kisicho na taarifa hizo hakina thamani kubwa kwa sayansi hata kikiwa kizuri namna gani.
- Picha na michoro. Mhitimu hupiga picha zenye kipimo, huchora umbo la chungu kutoka kwenye kipande cha mdomo wake, na siku hizi hutengeneza picha za pande tatu kwa kamera au ndege nyuki. Ndege nyuki hazirushwi bila kibali cha mamlaka husika.
- Kuhoji wazee. Sehemu kubwa ya maeneo ya kale nchini imegunduliwa kwa sababu wenyeji walijua yalipo. Mtafiti huhitaji adabu, subira na lugha ya mahali.
- Kuongoza watu na fedha. Kambi ya uwandani ina vibarua, chakula, gari, malipo na usalama. Anayeisimamia kambi hujifunza utawala bila kujua.
- Kuandika ripoti. Kazi ya uwandani isiyoandikiwa ripoti ni sawa na kazi ambayo haikufanyika.

Mfano wa Kagera

Mkoa wa Kagera unaonyesha vizuri jinsi ujuzi huo unavyofanya kazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Schmidt alifuata masimulizi ya wazee wa Kihaya kuhusu mfalme Rugomora Mahe hadi Katuruka, karibu na Bukoba. Hapo uchimbaji ulipata mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zamani sana pamoja na vyungu vya aina ya Urewe, ambavyo jina lake limetokana na mahali nchini Kenya. Katika miaka ya 1970 wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Matokeo yalichapishwa na Schmidt na Donald Avery mwaka 1978 katika jarida la Science. Baadaye wanakijiji wa Katuruka walishiriki wenyewe kufufua eneo hilo kama mahali pa urithi pa kutembelewa.

Katika kazi hiyo moja palihitajika mtu wa kuhoji wazee, mtu wa kuchora tanuri, mtu wa kupima joto na kuchambua mavi ya chuma, mtu wa kutunza sampuli za makaa kwa ajili ya vipimo vya kaboni-14, na mtu wa kuyaeleza yote kwa lugha inayoeleweka. Hizo ni kazi tano tofauti, na kila moja ina soko lake.

Magharibi mwa Bukoba kulikuwa na ufalme wa Karagwe, nchi ya Wanyambo, uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda. Makao yake makuu yalikuwa Bweranyange, ambayo sasa iko wilayani Karagwe. Wasafiri John Hanning Speke na James Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876. Maandishi yao yanataja mali za kifalme, na ufalme huo unafahamika kwa vifaa vyake vya chuma, vikiwemo sanamu ndogo za ng'ombe. Karibu na hapo palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani. Mwanahistoria Israel Katoke aliandika kitabu kuhusu ufalme huo, kilichotoka mwaka 1975, na katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Andrew Reid alifanya utafiti katika eneo hilo.

Wilaya ya Kyerwa, ambamo imo kata ya Isingiro, iligawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Inapakana na Uganda kwenye mto Kagera; ng'ambo ya mto kuna wilaya ya Uganda yenye jina hilohilo la Isingiro. Wakazi wake hulima kahawa na migomba, na wengine huchimba madini ya bati. Mkulima anayechimba shimo la choo, mfyatua matofali au mchimbaji wa bati anaweza kukutana na vigae, mavi ya chuma au kaburi la zamani wakati wowote. Asipokuwepo mtu wa kumwambia vitu hivyo ni nini, vitatupwa kando na kusahaulika. Kijana wa Karagwe au Kyerwa aliyesomea akiolojia na anayezungumza Kinyambo ana ujuzi ambao mtafiti kutoka mbali hulazimika kuutafuta kwa mkalimani.

Njia za ajira

Serikali na makumbusho. Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ndiyo yenye jukumu la kusimamia urithi wa kale Tanzania Bara. Huko huajiriwa maofisa wa mambo ya kale wanaotunza maeneo, kukagua tafiti na kutoa elimu kwa umma. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yana vituo Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea, na huhitaji wahifadhi, watunza kumbukumbu na waelimishaji. Zanzibar ina idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, pamoja na Mamlaka ya Mji Mkongwe inayosimamia hifadhi ya majengo. Nafasi za utumishi wa umma Bara hutangazwa kwa kawaida kupitia Sekretarieti ya Ajira, na ushindani wake ni mkali.

Hifadhi na utalii. Katika miaka ya karibuni serikali imekabidhi baadhi ya maeneo ya kale kwa taasisi za uhifadhi. Magofu ya Kilwa, ambayo yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na Kimondo cha Mbozi kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo pia ina makumbusho ya Olduvai. Kwa hiyo mhitimu anayetafuta kazi asiangalie wizara peke yake. Mkoani Kagera, mapori ya zamani ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Hifadhi ya pili inabeba jina la mfalme wa Bweranyange, jambo linalompa mwongoza watalii sababu ya kuunganisha wanyama na historia. Chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo Stanley alizitembelea, nazo zimo wilayani Kyerwa.

Tathmini ya athari kwa mazingira. Hii ndiyo njia ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na tathmini kamili huangalia pia urithi wa kitamaduni. Miradi inayokopa kwa wafadhili wa kimataifa mara nyingi hutakiwa kufuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo kiwango chake cha 8 kinahusu urithi wa kitamaduni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, likianzia mkoa wa Kagera. Katika mradi wa namna hiyo mtaalamu wa urithi hutembea njia nzima kabla ya mitambo, huorodhesha makaburi, matambiko na mabaki ya kale, hupendekeza njia ikwepe wapi, kisha huandaa utaratibu wa nini kifanyike iwapo kitu cha kale kitaibuka wakati wa kuchimba. Miradi ya umeme wa maji kwenye mto Kagera, kama Rusumo wa megawati 80 na Kikagati-Murongo ulio mpakani mwa Kyerwa na Uganda, ni mifano mingine ya kazi zinazogusa ardhi ya kale. Wataalamu wa tathmini husajiliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na mhitimu huanza kwa kawaida kama msaidizi katika timu ya ushauri.

Utafiti na ualimu. Anayetaka kufundisha chuo kikuu huhitaji shahada ya uzamili na baadaye uzamivu. Anayetaka kufundisha sekondari hawezi kutegemea shahada ya akiolojia peke yake. Hulazimika kusoma stashahada ya uzamili katika elimu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingizwa na mtaala mpya, limeongeza haja ya walimu wanaoweza kueleza historia ya kabla ya ukoloni kwa mifano ya vitu vinavyoonekana.

Kazi nje ya fani. Upimaji, ramani, takwimu, mahojiano ya vijijini na uandishi wa ripoti hutumika pia katika mashirika ya maendeleo, mipango ya matumizi ya ardhi, uandishi wa habari, utunzaji wa nyaraka na utengenezaji wa filamu za maelezo. Mhitimu aliyefanya kazi hizo hajapoteza shahada yake. Ametumia sehemu yake nyingine.

Sheria anazopaswa kuzijua

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inampa waziri uwezo wa kutangaza ulinzi wa maeneo na vitu vya baadaye. Haruhusiwi mtu kuchimba kutafuta mabaki bila leseni, wala kuyatoa nje ya nchi bila kibali. Anayegundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Watafiti kutoka nje huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mhitimu anayezifahamu taratibu hizi ana faida kubwa kazini, kwa kuwa mkandarasi humwuliza kwanza kuhusu kibali, na historia baadaye.

Ugumu wa ajira

Ugumu wa kwanza ni uchache wa nafasi za kudumu. Kazi nyingi za ushauri ni za mkataba wa wiki au miezi, na huisha mradi unapokwisha. Ugumu wa pili ni kwamba mwajiri asiyeijua fani huiona shahada hiyo kama ya historia tu. Wa tatu ni gharama: vipimo vya umri wa mabaki mara nyingi hufanywa nje ya nchi, na utafiti hutegemea sana fedha za wafadhili. Wa nne ni umbali. Taasisi nyingi ziko Dar es Salaam na Arusha, huku wilaya kama Kyerwa na Karagwe, zenye historia ndefu, zikiwa mbali na makumbusho ya taifa yoyote.

Ugumu huu hauhusu Tanzania peke yake. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1966 ya kuhifadhi mahali pa kihistoria, na nchini Uingereza mwongozo wa mipango miji wa mwaka 1990, ndivyo vilivyosababisha kampuni za akiolojia kuongezeka, kwa kuwa mjenzi alilazimika kugharamia uchunguzi kabla ya kujenga. Sasa wanaakiolojia wengi wa nchi hizo hufanya kazi nje ya vyuo vikuu. Funzo lake ni kwamba ajira katika fani hii hukua pale sheria inapotekelezwa kwa dhati.

Mfano wa Kenya

Nchini Kenya, Kamoya Kimeu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alianza kama kibarua wa familia ya Leakey, akajifunza kutambua mifupa iliyogeuka mawe, na akawa kiongozi wa kikosi cha watafutaji cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1984 yeye ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa Turkana, binadamu wa kale wa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye mifupa yake ni miongoni mwa iliyokamilika zaidi kwa umri huo. Kimeu alifariki mwaka 2022. Maisha yake hukumbusha kwamba jicho lililozoezwa uwandani ni mtaji, na kwamba mwenye shahada anapaswa kuwasikiliza mafundi na wenyeji wenye uzoefu.

Maandalizi kwa mwanafunzi

Mwanafunzi wa sekondari anayevutiwa na fani hii anashauriwa kuzingatia Historia, Jiografia na lugha, na kuongeza Biolojia au Kemia kadiri anavyoweza, kwa sababu mifupa na metali huchambuliwa kisayansi. Akiwa chuoni, ni vyema ajitolee kwenye makumbusho au kambi za utafiti wakati wa likizo, ajifunze walau programu moja ya ramani, na atunze mkusanyiko wa kazi zake: ramani aliyochora, picha alizopiga, ripoti aliyoandika. Mkusanyiko huo humsaidia katika usaili.

Hatua nyingine isiyohitaji fedha nyingi ni kuanzia nyumbani. Kuandika majina ya mahali, kuwahoji wazee kwa ridhaa yao, kupiga picha za mapango, makaburi na mabaki ya tanuri bila kuyagusa, na kuipa ofisi ya utamaduni ya wilaya taarifa, ni kazi halali ambayo haihitaji leseni ya kuchimba. Katika wilaya ambazo wazee wanaokumbuka uhunzi na masimulizi ya wafalme wanapungua kila mwaka, kumbukumbu hizo zisipoandikwa sasa hazitapatikana tena kwa kuchimba.

Tazama pia

- Akiolojia
- Ufalme wa Karagwe
- Wilaya ya Kyerwa
- Wanyambo
- Kilwa Kisiwani
- Olduvai
- Makumbusho ya Taifa ya Tanzania